Mama Mkwe Nyuma ya Kamba

Marselino ni fundi mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu mbele huko atanitia hasira.

Tunaunda ndege inayoruka kwa nguvu za jua. Haina rubani, na mabawa yake ni marefu kuliko basi la Kibondo, lakini ni nyepesi kiasi kwamba watu watano tunaibeba juu ya vichwa na kukimbia nayo mpaka ishike hewa. Ikishapita mawingu, itakaa huko wiki kadhaa ikigawa mtandao wa simu kwenye mabonde ambako watu hupanda vichuguu kutafuta mawasiliano. Marselino anafunga mifumo ya umeme, mimi nahakiki kazi yake.

Asubuhi ya kuirusha kwa mara ya kwanza, kwenye kiwanja nje ya Kasulu, mama mkwe wake alitokea.

Bi Esteri alikuwa ametoka Kibondo tangu jana yake kwa ajili hiyo tu. Zamani alisita sana kumtoa binti yake, Akimana, kwa kijana ambaye kazi yake hakuna aliyeielewa. Sasa alikuwa amelitangazia kanisa zima kwamba mkwe wake anaunda ndege. Alivaa kitenge cha Pasaka, akabeba maharage kwenye kikapu, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine.

Kazi yetu ina sheria moja isiyo na mjadala. Kila plagi inasukumwa, fundi anaitaja kwa sauti, pete yake inazungushwa hadi ijifunge, kisha mwenzake anaivuta kidogo na kuitikia. Ukikatizwa katikati, hata na chafya, unarudi mwanzo. Marselino ndiye aliyenifundisha, na siku moja alinigombeza mbele za watu kwa kuivunja.

"Mota ya kulia," alitaja. Plagi alikuwa ameshaisukuma, pete bado.

"Mwakeye, mukwe!" Bi Esteri alimwamkia kwa Kiha kutoka nyuma ya kamba.

Basi, Uha ukamshika. Kwetu Waha mama mkwe hasalimiwi kwa kugeuza shingo, wala hasalimiwi na mikono yenye kazi. Marselino aliiacha pete, akaenda hadi kwenye kamba, akachutama, akapiga makofi taratibu. Wakaulizana habari za watoto, za migomba, za shangazi wa Kasanda anayeumwa miguu. Alifanya vizuri kabisa, na angeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia.

Nickson, mhandisi wetu mkuu aliyeletwa kutoka Dar, alicheka. "Oya, Marselino! Unampigia makofi nani, mgombea?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Marselino aliinuka masikio yakimwaka moto. Alikitazama kile kitenge, kile kikapu, ile miguu yenye vumbi, akaviona kwa macho ya Nickson. Ndivyo alivyoniambia baadaye.

"Jirani tu," akasema. "Jirani wa nyumbani."

Alisema kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Na Bi Esteri Kiswahili anakijua.

Aliporudi nilimnong'oneza, "Kaka, tuanze upya."

"Kulia tulishamaliza, Aneth."

Hatukuwa tumemaliza. Lakini kuanza upya kungemfanya Nickson aulize sababu, na sababu ilikuwa imesimama nyuma ya kamba. Akafunga kifuniko. Nami nikanyamaza.

Tukakimbia nayo. Ikatoka mikononi mwetu kama karatasi, ikapanda, na nyuma yetu Bi Esteri akapiga vigelegele, peke yake, kwa ndege ya jirani. Kisha mota ya kulia ikanyamaza. Bawa likainama, likagusa nyasi, likavunjika.

Nilipofungua kifuniko, plagi ilikuwa inaning'inia.

"Nani alikukatiza?" Nickson aliuliza. Marselino aliangalia viatu vyake.

Bi Esteri alipita chini ya kamba. "Ni miye, baba. Nilimsemesha akiwa kazini. Sisi wa kijijini mambo ya ndege hatuyajui. Msimwonee mwana wa watu. Mimi ni jirani yake tu, nilikuwa napita."

Sijawahi kuona mtu akipatwa na aibu namna ile. Marselino alimgeukia Nickson.

"Si jirani. Ni mama mkwe wangu, ndiye aliyemzaa mke wangu. Hakuharibu kitu. Nilitakiwa kuanza upya, nikaona haya kusema ni nani aliyenisimamisha."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nickson alivua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Marselino akachutama palepale, katikati ya vipande vya bawa, mbele yetu sote. Akapiga makofi taratibu, kama inavyotakiwa. "Mwakeye, mama."

Bi Esteri alijifunga kitenge vizuri. Alinipa mimi kikapu cha maharage. "Mfikishie Akimana," akaniambia. Kisha akamtazama mkwe wake, ambaye bado alikuwa chini, viganja vimekutana, akisubiri kuitikiwa.

"Salama, jirani," akasema kwa Kiswahili, akashika njia ya stendi.