Koili ya Silinda ya Tatu

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, fundi wa gereji ya kampuni alifungua boneti ya gari namba saba, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini kwenye sikio. Ndivyo alivyokuwa anapima magari, ndiyo maana walimwita Sikio. Gari hilo la kubeba wafanyakazi lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kwenye dashibodi, taa ya njano ya injini ilikuwa siku ya tisa inawaka.

Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake.

"Jana limezima mara mbili pale mlimani," alisema. "Watu kumi na wanne nyuma, wote wananiangalia kisogo."

Meneja alipita na kikombe cha chai, akachungulia. "Hiyo taa inatisha wafanyakazi. Weka tepu."

"Bosi, taa haina kosa. Inasema tu."

"Basi inyamazishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

Sikio akakata kipande cha tepu nyeusi, ukubwa wa ukucha, akabandika.

Kesho yake chini ya tepu hapakuwa na kitu. Taa ilikuwa kifuani kwa shemeji, upande wa kushoto, njano ile ile, umbo lile lile la injini, inapenya shati la sare. Wenzake waliiona kwenye foleni ya kusaini mahudhurio.

"Wewe umeme ukikatika huna shida," mlinzi alimwambia.

Wakacheka kidogo, wakaendelea kusaini.

Tangu hapo gari likizima, na yeye anazima. Likiwaka, anawaka. Kisha akaanza kuzima hata nyumbani, gari likiwa limelala zake gereji, kijiko kikiwa nusu ya njia kwenda mdomoni.

Jumanne dada mtu akamleta gereji kwa kumshika mkono.

"Kaka, mpime wewe. Hospitali wamesema moyo hauna kitu, wamempa vidonge vya maumivu. Jana amezima kabeba mtoto."

"Akamwangusha?"

"Hapana. Alimshikilia. Nikahesabu mpaka arobaini ndiyo akawaka."

"Mimi mwenyewe sikusikia kitu," shemeji alisema. "Nilidhani ni sekunde moja."

Sikio akaweka bisibisi kifuani kwa shemeji, akasikiliza. Mlio ulikuwa ule ule wa namba saba. Akaliwasha gari, akaanza kuchomoa koili moja moja. Kazi hiyo haina siri: kila silinda ina koili yake ya kuipa moto. Ukichomoa koili ya silinda iliyo nzima, injini inalalamika, unairudisha. Ukichomoa na mlio usibadilike, basi silinda hiyo ilishakufa, ilikuwa inabebwa na wenzake.

Ya kwanza ilipochomolewa, shemeji aliegemea ukuta. Ya pili, akachuchumaa. Ya tatu, alibaki vile vile, anajikuna shavu.

"Koili tu," Sikio akasema. "Ikibadilishwa, na wewe unapona."

"Sasa hivi?" dada akauliza.

"Lazima bosi asaini fomu."

Meneja aliisoma fomu mpaka mwisho. "Dashibodi ina taa?"

"Haina."

"Sasa koili ya nini?"

Akamrudishia. Ila akaagiza dereva apewe sweta nzito kutoka stoo, abiria wasisumbuke na mwanga.

Gari la meneja lilikuwa kivulini, aina ile ile, na koili zake nne zote nzima. Kubadilisha moja ni bolti moja, dakika sita. Sikio alisimama mbele ya lile gari dakika sita. Halafu akaenda kunawa mikono.

Alhamisi walizima mlimani, gari na shemeji. Gari liliwaka tena. Shemeji hakuwaka. Abiria mmoja alivuta breki ya mkono, wakasubiri kwa adabu dakika ishirini, kisha wakamsogeza kiti cha pembeni na sweta yake. Huyo mmoja akaendesha. Waliwahi kusaini.

Baada ya mazishi dada alikaa jikoni, mtoto kamlalia begani.

"Kaka, hiyo koili ni kubwa kiasi gani?"

Sikio akapima hewani kwa viganja viwili, urefu wa mwiko mdogo.

"Hivyo tu," dada akasema.

"Hivyo tu."

Dada akamwekea chai. Sikio aliinywa yote.

Jumatatu alikuja dereva mpya, kijana mcheshi, amepiga pasi. Aliendesha namba saba safari ya kwanza, akarudi anajitazama kifuani.

"Fundi, hii kitu inafutika kwa sabuni gani?"

"Haifutiki. Nenda stoo, waambie wakupe sweta."

"Na joto hili?"

"Vaa tu, mdogo wangu."

Kijana akaenda. Sikio akasimama mlangoni, akasikiliza kama anavyosikilizaga injini: geti linafunguliwa, viatu vinaburuzwa kwenye foleni, kalamu ya kusaini, kijiko cha meneja kinazunguka kikombeni. Shemeji alishachomolewa, siku ya nne sasa. Mlio haukubadilika.