Santuri ya Idella

Kitu kikiingia dukani kwa Harlan Stuckey, uzee wake uliishia mlangoni. Pampu ya petroli ya enzi za babu zake aliipiga msasa hadi ikawaka nyekundu. Mabango ya bati ya soda aliyapaka upya, kiti cha kinyozi akakivisha ngozi mpya. Watu wa mji ule wa Ohio, Marekani, walifuata santuri alizouza, wakaishia kujitazama sura kwenye vyuma vyake.

Asubuhi hiyo alishusha darini meza ya cherehani ya marehemu mkewe, Idella, aipige vanishi. Alipovuta droo, kikadondoka kisanturi kidogo chenye vumbi.

“Jamani, Corinne! Njoo uone!” alimwita binti yake, aliyekuwa akipanga santuri rafuni. “Ya maonyesho ya wakulima hii! Unaingia kibandani, unatia sarafu, unasema, mashine inakutolea santuri. Mama yako alisema ni yako, ukikua. Niliitafuta hadi nikachoka.”

Corinne alifiwa na mama yake angali mtoto wa kunyonya. Sauti ya mama huyo hakuwahi kuijua.

“Iweke kwenye gramafoni, baba. Nimsikie.”

“Na uchafu huu? Itakwaruzika. Leo wewe ndiye wa kunifunza kazi?”

“Nimengoja maisha yangu yote.”

“Basi kungoja kidogo hakutakuua, mama.”

Akatwaa kitambaa na chupa ya spiriti, kama alivyofanya kwa kila santuri iliyoingia dukani. Kitambaa kikatoka cheusi.

“Ona taka hizo!” akasema kwa majivuno, akakikunja upande safi, akasugua tena. Weusi haukuisha. Santuri ndiyo iliyokuwa ikififia, mifereji yake ikilainika kama sabuni iliyosahauliwa majini.

“Baba, acha! Hiyo si taka!”

Mkono wa Harlan ukasimama. Santuri za plastiki hazidhuriwi na spiriti. Zile za kibandani zilikuwa karatasi ngumu iliyopakwa utando mwembamba, na sauti ilikaa kwenye utando. Hilo alilijua. Wateja wangapi aliwaonya! Lakini mkono ulikuwa umeshazoea.

Waliiweka hivyo hivyo kwenye gramafoni. Ikakoroma. Harlan akarudisha sindano mwanzo, ikakoroma vilevile. Aliporudi kuigusa tena, Corinne akamshika kiganja.

“Alisema nini, baba? Niambie wewe tu.”

“Mimi nilibaki nje. Alifunga mlango, akanichekea kupitia kioo, akaniambia nisisikilize, ni mambo yenu wawili. Nilimwona tu midomo.”

“Midomo ilifanyaje?”

Mzee akajaribu. Akafungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena bila sauti. Corinne akasogea karibu, akaikazia macho midomo ile, naye akaanza kuchezesha yake kuifuata. Baba yake akasita, akarudia kwa namna nyingine, kisha nyingine tena.

“Si hivyo,” akasema, machozi yakimtiririka. “Sikumbuki, Corinne. Ninabuni tu.”

Corinne hakuyaondoa macho.

“Buni,” akasema.