Taya la Zuena

Taya la Zuena lilipoanza kuvimba, kila mtu katika kijiji kipya cha ujamaa alikuwa na jibu lake. Baba yake, Kibwana, alisema ni jino. Mganga wa zahanati naye akasema jino, akaling'oa, uvimbe ukazidi. Jirani yao Zamda akasema mtoto karogwa, maana nyumba zao zilijengwa juu ya mahame ya watu. Chausiku, mama wa mtoto, aliwasikiliza wote mpaka akachoka. Hata uji sasa ulimpita mtoto kwa taabu. Asubuhi moja alimbeba mgongoni, akadandia lori la mahindi kutoka Handeni hadi Korogwe.

Hospitalini, Daktari Semboja alikata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Jibu liliporudi likawa saratani.

"Mtoto wa miaka sita?" Chausiku alimaka.

"Huwapata watoto, mama, hasa penye malaria nyingi. Wataalamu wamekuta kirusi ndani ya uvimbe kama huu. Ila kirusi hichohicho karibu sote tunacho, wala hatuumwi."

"Sasa kama sote tunacho, kwa nini wangu?"

"Hilo sijui, mama. Lakini dawa ya sindano ipo."

Angalau huyu alikiri kwamba hajui.

Sindano zilimtapisha Zuena, zikamnyonyoa nywele, lakini taya likanywea mpaka akaanza kulilia ugali. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, walikuta Kibwana, aliyekuja kuwatazama mara moja tu, ameshatangaza habari za kirusi kijiji kizima. Kesho yake bombani, Zamda alivuta ndoo yake kando.

"Usinichukie, mwenzangu. Nina watoto wadogo. Hicho kijidudu chenu..."

Chausiku alitua debe kwa kishindo. "Juzi karogwa, leo anaambukiza! Hebu chagueni moja! Saratani haiambukizi. Na hicho kirusi unacho wewe, wanao wanacho, na mwenyekiti wa kijiji anacho!"

Wanawake wakatazamana. Kisha kila mmoja akasogea kidogo mbali na mwenzake.

"Ya Rabi," Chausiku akasema, akajitwika debe na kuondoka.

Hakujisumbua kueleza tena. Kila siku ya sindano zilizobaki ilipofika alipanda lori na mwanawe, hadi daktari aliposema basi. Zuena alipona. Zamda hakuwahi kuomba radhi. Alikuja tu kuomba moto, kama zamani, na Chausiku akampa huku akisonya.