Avenue Masuku Haiko

Ijumaa alasiri Josée alimaliza kuingiza anwani za mji kwenye programu ya ofisi. Alizipanga hashi ndani ya hashi, kama visanduku vyenye funguo: mji una komini, komini ina avenue, avenue ina parseli, yaani viwanja, na ndani ya parseli mna jina la mtu. Kila ngazi ina ufunguo wake. Ukikosa mmoja, huwezi kumfikia mtu.

Shefu Léonard aliinama juu ya kibodi, akafuta avenue Masuku, kule komini ya Annexe.

“Ile tunatosha, tunafuta. Batu ya mine banataka bulongo ya kuchimba.”

“Shefu, mama yangu anaikala pale.”

“Uliza programu.”

Josée akauliza. Programu ikajibu: hakuna. Haikutoa ujumbe wa kosa. Léonard ndiye aliyeagiza iandikwe hivyo, isisumbue watu.

Jumapili, baada ya misa, Josée alishuka teksi karibu na kwa mama yake, mkate mkononi. Avenue ya kwanza iliishia kwenye ukuta, na ukuta uleule ndipo ilipoanzia ya tatu. Katikati, ilipokuwa Masuku, hapakupita hata kuku. Muuza makaa alimwambia kwamba Masuku iliondoka Ijumaa, bila kelele. Josée akampigia mama yake.

“Ingia tu, mwana. Niko mu nyumba, maharagi iko ku moto.”

“Mama, njia haiko.”

“Aa. Njo maana leo hakuna mutu alipita.”

Jumatatu Josée aliurudisha ufunguo. Avenue ikarudi, pana na nyekundu, bila nyumba hata moja, kwa sababu hashi mpya huzaliwa tupu. Aliandika parseli, akaandika jina la mama. Programu ikayapokea maandishi. Nyumba haikuja.

Tangu hapo, kila Jumapili aliazima kiti kwa muuza makaa, akakaa peke yake katikati ya nyasi, pale nyumba ilipokuwa, simu sikioni.

“Sasa uko mu salon,” mama alimwelekeza, akimpitisha sebuleni. “Usigonge armoire.”

Josée alikivuta kiti kando kidogo, kulipisha kabati.

Kiangazi wapimaji walifika na kamba zao.

“Hapa kunaikala batu?” mmoja aliuliza kwa heshima.

“Mama yangu.”

Mpimaji akatazama kwenye tableti yake. “Simuone,” alisema, akapigilia kijiti ardhini.

Sauti ya mama ikaja kwenye simu.

“Kuna kijiti kimetoka mu simenti ya chini, pembeni ya kitanda.”

“Inakuumiza, Mama?”

“Apana. Nitasukuma kitanda.”

Josée alisikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Wapimaji walikuwa wameshahamia kijiti cha pili.