Kiwanja Kitupu cha Kawe

Arobaini ya mume wangu Romani ilikuwa haijafika, mdogo wake Kasiani akaja na mnunuzi kupima vyumba. Mimi nimekaa mkekani na kanga ya msiba, wao wananiruka miguu na utepe wao. Siku hiyo niliapa kumkomoa shemeji yangu, na sikuapa kimoyomoyo.

Kosa lilikuwa letu. Viwanja vya Kawe vilipogawiwa, Romani alikuwa zamu kiwandani, akamtuma mdogo wake apange foleni ofisi ya ardhi. Kasiani akaandikisha jina lake mwenyewe. Kila tulipomwuliza, alijibu kwamba hati ni karatasi tu, undugu ndio mali. Tukaridhika, tukajenga. Nyumba ilitoka kwenye cherehani yangu: miti, mabati, milango, madirisha, na kila stakabadhi iliandikwa Yustina.

Majirani waliniambia mawakili ni wa wenye magorofa. Wa kwanza niliyemwendea mjini aliuliza kaka yangu yuko wapi, aje wazungumze wanaume. Niliondoka bila kuaga. Wa pili alikuwa Revelian, kijana wa Bukoba aliyeshughulika na hati za nyumba, mpole mpaka anaudhi. Alizisoma stakabadhi zangu moja moja asubuhi nzima, mimi nachemka. Kisha akanieleza kwamba ardhi ni ya umma, haiuzwi. Kinachouzwa ni kilichojengwa juu yake, na kabla ya kibali cha kuhamisha hati, bwana ardhi huja kukagua. Mahakamani tungeweza kushinda, maana aliyejenga ni mimi, lakini kesi ingekula miaka mitatu, pengine minne.

"Na nyumba isipokuwepo?" nikamwuliza.

Aliweka kalamu chini. "Basi hana cha kuuza. Na kiwanja kisichoendelezwa serikali inakichukua. Lakini mama, na wewe hutakuwa na nyumba."

"Mie niandikie barua."

Alinisihi nifikiri kwanza siku mbili. Nikafikiri, nikarudi na jibu lile lile. Akaandika kwamba mimi, mwenye jengo, naondoa vitu vyangu, akaorodhesha stakabadhi zote, kisha akanipeleka kutia sahihi mbele ya mzee Audax, balozi wetu wa nyumba kumi, asije mtu akaniita mwizi.

Tarehe ya ukaguzi Revelian aliiulizia ofisi ya ardhi. Tulibomoa siku moja kabla yake, mimi, dada yangu Tekla na mafundi wawili. Mabati kwanza, halafu milango, halafu miti. Kwenye chumba alichofia Romani niliweka shoka chini. Nililia pale pale juu ya udongo, kisha nikashika shoka tena, kwa sababu chuki ilikuwa bado inanidai. Jioni vitu vyote vilikuwa Temeke, uani kwa Tekla.

Kesho yake Kasiani alitokea kwake Kinondoni na bwana ardhi, pamoja na yule mnunuzi wake, ambaye ni karani aitwaye Ansbert, shati limepigwa pasi. Mimi na Revelian tulikuwa tunawasubiri. Bwana ardhi alitazama karatasi iliyosema nyumba ya vyumba vitatu, akatazama chungu ya udongo, akauliza nyumba iko wapi. Revelian akatoa barua yetu. Bwana ardhi aliisoma mara mbili, akaandika kwamba kiwanja ni kitupu na kirudishwe serikalini. Ansbert alipanda baiskeli yake akaenda zake.

Nilifurahi, nasema bila haya. Nilimwangalia Kasiani usoni mpaka akainamisha kichwa.

"Shemeji," akasema, "hujanikomoa mie peke yangu. Umejikomoa na wewe."

"Najua," nikamjibu. "Ila mie nimeshalia jana. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

Nikapanda basi kurudi kwa Tekla, na mchana ule nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza tangu msiba.