Maji ya Moto Ndani ya Gobori

Gobori huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia. Mafuta peke yake hayaondoi masizi ya baruti. Huyafunika tu, na kutu ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Fundi wa jumba la makumbusho alilijua hilo, mama wa watu, lakini gobori la Mwasisi wa mji alikuwa akilifuta nje tu kwa miaka ishirini na mitano, maana kibao chake kilisema: "Halikuwahi kufyatuliwa." Lisilofyatuliwa lina masizi gani? Jumatano hiyo mkurugenzi, mjukuu wa Mwasisi, aliagiza lioshwe ndani na nje, kwani Ijumaa kulikuwa na wageni wakubwa.

Fundi akamimina maji mtutuni. Yalitoka meusi tii, yakinuka yai viza. Akasukuma kitambaa kwa ufito, cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikakwama, na alipokivuta kikatoka na mwanamume mwembamba, anakohoa. Kifuani alikuwa na tundu. Masikio yake yalikuwa yaleyale ya marehemu baba yake fundi, yamechomoza kama vishikio vya sufuria.

"Umechelewa, mjukuu wangu," alisema. "Gobori huoshwa siku ileile."

"Shikamoo, babu. Waliandika halijafyatuliwa."

"Marahaba. Kwa hiyo mimi niliingia humu kukwepa jua? Niliuliza swali moja tu mkutanoni."

Babu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi hamsini na miwili. Akampa kiti. Furaha ilimjaa fundi kwa ajili ya bibi yake, ambaye miaka nenda miaka rudi aliitwa mke aliyekimbiwa, kwa kuwa barua ya Mwasisi ilisema mumewe ametoroka na mwanamke wa ng'ambo. Sasa wakubwa wa jumba wangemwandikia barua nyingine, ya kweli.

Mkurugenzi akaingia, akachungulia lile tundu, akauliza kama mgeni ameandika jina kwenye kitabu cha getini.

"Alipigwa na gobori hili," fundi alisema. "Tunaomba barua tu, bosi."

"Mama, vibao vimeshachapishwa. Tena kwa lugha tatu." Akamgeukia babu kwa adabu zote. "Pole sana, mzee. Ila kwa mujibu wa kibao, hukupigwa."

Mwenye nguvu mpishe. Fundi akalipaka gobori mafuta, akalitundika, kisha akampeleka babu nyumbani. Bibi, mwenye miaka tisini na mmoja, alimtazama mumewe kuanzia utosini hadi unyayoni, akamtengea maji ya kuoga.

"Yule mwanamke umemwacha wapi?" akauliza.

"Mke wangu, hakuna mwanamke. Nilipigwa risasi. Tazama tundu hili."

Bibi akafungua sanduku, akatoa ile barua ya Mwasisi, iliyochakaa kwenye mikunjo, akaishika mbele ya uso wa mumewe.

"Tundu hata chujio linalo," alisema. "Hii ina muhuri."