Dereva wa Pichani

Mkojo ulimbana tangu meli ilipopiga honi, na meli ilipiga honi asubuhi. Sasa jua liko utosini na Mama Pacha bado amesimama kwenye uzio wa bandari, bango lenye jina la mgeni mkononi, magoti ameyabana. Choo cha madereva kipo, tena karibu tu, nyuma ya kibanda cha askari. Lakini ni ukuta na mfereji, hakina hata mlango. Aliyekijenga hakuwaza kama dereva anaweza kuwa mama wa watu. Choo cha wanawake kiko ndani ya jengo la abiria, na humo dereva haingii. Akibanduka hapo mgeni atatoka, ataangaza macho, hatamwona, atapiga simu ofisini. Ofisi ya magari ya kukodi haina swali la pili. Dereva akilalamikiwa anazimwa. Simu yake inakuwa bubu, haimletei tena abiria wa bandarini, wa mjini wala wa uwanja wa ndege, na akienda kuuliza anaambiwa mfumo ndio umeamua. Mfumo hauna baba wala mama wa kuangukiwa miguuni.

Askari wa geti alimjia taratibu, kirungu kikimpigapiga pajani.

"Onyesha kazi."

Alimpa simu. Askari alitazama jina la mgeni, namba ya gari, kisha picha ya dereva. Akaikuza picha kwa vidole viwili ingawa aliijua vizuri.

"Huyu ana ndevu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wewe zako umeziacha nyumbani?"

Madereva wengine wakacheka. Walicheka jana kichekesho hichohicho, na juzi.

"Afande, si unajua. Ni shemeji yangu."

"Mimi ninachojua ni sheria. Dereva wa pichani ndiye dereva wa getini."

"Nisaidie basi, kaka yangu."

"Na mimi ananisaidia nani?" Macho yake yalikuwa kwenye kimfuko cha chakula alichokining'iniza Mama Pacha mkononi. "Umepika nini leo?"

Akampa. Askari alifungua kifuniko, akanusa, akasema wali umekauka. Akaenda nao kibandani. Mama Pacha akabaki na njaa juu ya mkojo. Basi, siku ikaendelea.

Gari lilikuwa la mumewe. Alilinunua kuukuu, akalitengeneza mwenyewe chuma kwa chuma, na ndani yake akamfundisha mkewe kuendesha wakati watu wanasema ana wazimu, anampa mwanamke usukani. Alipokufa, wazee wa ukoo walisubiri matanga yaanuliwe, wakaketi, wakakohoa, wakaamua. Kadi ya gari itakaa kwa mdogo wa marehemu. Mama Pacha alisema gari lina watoto wawili nyuma yake, mapacha wa kike. Wakamwambia ndiyo maana linabaki ukooni, kwa faida ya hao watoto. Yeye bado kijana, kesho ataolewa aende nalo kwa mwanamume mwingine, na ukoo ubaki unatazama vumbi.

Ofisi ya magari haimsajili dereva asiye na kadi wala kibali cha mwenye kadi. Shemeji alikataa kuandika kibali. Akajisajili yeye, akapiga picha, ndevu zimechanwa. Lakini kuamka alfajiri hakupendi, na jua la bandarini linampa kichwa. Kwa hiyo Mama Pacha anaendesha, shemeji analipwa, na jioni shemeji humrushia kinachobaki. Akinung'unika, anaambiwa arudishe ufunguo. Akirudisha ufunguo mapacha hawasomi, na vyumba viwili wanavyolala viko kwenye kiwanja cha ukoo huohuo. Kwa hiyo hanung'uniki. Abiria wakimuuliza kuhusu picha, ana jibu lake la siku zote: huyo ni mume wangu, leo anaumwa kidogo. Wanasema pole, wanarudi kwenye simu zao. Amemuuguza mume huyo wa uongo kupita alivyomuuguza wa kweli.

Mgeni wa leo alitoka mwisho kabisa. Mama wa makamo, kofia pana, masanduku mengi kuliko watu. Aliona bango, akaona aliyelishika, akapiga ukelele.

"Mwanamke! Jamani! Ni wewe unayenipeleka?"

"Ndiyo, mama. Karibu. Samahani, naomba nikuombe kitu."

"Omba."

"Unishikie bango, niingie chooni humo ndani. Wewe ukisema niko nawe wataniruhusu."

Yule mama alimtazama, akamgeukia askari, akamwambia kwa ukali huyu yuko na mimi. Askari akapiga saluti huku anatafuna wali. Mama Pacha alipotoka chooni machozi yalikuwa yanamlengalenga, na alijichukia kwa hilo. Mtu mzima kulia kwa sababu karuhusiwa kukojoa!

Labda ndiyo maana alikosea. Mgeni alikataa kiti cha nyuma, akakaa mbele. Alimwita mdogo wangu. Alisema kabla ya uwanja wa ndege wapitie mjini wale, na walipofika akamlazimisha aingie naye, akamwagizia sahani nzima. Mama Pacha alikula anatazama mlango, maana dereva kukaa meza moja na abiria ni kosa. Katika kula, mgeni akauliza.

"Mbona kwenye simu dereva ni mwanamume?"

Jibu la siku zote lilikuwa mdomoni. Akalimeza pamoja na tonge. Akasema kweli yote: kadi, wazee, ndevu, ufunguo.

Mgeni aliweka uma chini. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli.

"Hii dunia lazima isikie."

"Mama, hapana. Tafadhali. Haya nimekwambia wewe."

"Nina watu wengi wananifuata mtandaoni. Unajua wangapi wako kama wewe?"

"Wako wengi. Na wote wamenyamaza, wanakula."

"Woga huo ndio unaotumaliza sisi wanawake."

"Mama, wewe saa hizi unapanda ndege. Mimi nalala kwenye kiwanja chao."

Yule mama alimshika bega, akamwambia asiogope, hatalitaja jina lake wala habari za shemeji. Atasifia tu. Sifa haijamuua mtu.

Uwanja wa ndege, masanduku yaliposhushwa, mgeni akaomba picha moja ya kumbukumbu. Mama Pacha aliegemea ubavu wa gari. "Cheka, mdogo wangu!" Na kwa kuwa tangu mazishi hakuna aliyemwambia acheke, akacheka, meno yote nje.

Mgeni alitimiza ahadi. Jina hakulitaja. Aliandika tu mtandaoni, na kwenye ukurasa wa kampuni, kwamba kampuni hii imempa dereva mwanamke, hodari, mpole, na kila msafiri amtake yeye. Namba ya gari ilionekana pichani wazi kabisa, pembeni ya goti.

Kesho yake ofisi ikamwita. Mlangoni msichana wa mapokezi alimkumbatia. "Shujaa wetu huyo!" Wengine walinyanyua vichwa wakampigia makofi. Kwa mwendo wa ukumbi mmoja, Mama Pacha aliamini. Alijiona amesajiliwa, picha ni yake, askari anatafuta kichekesho kingine. Ukumbi ulikuwa mfupi.

Ndani alimkuta msimamizi, kijana wa shati lililopigwa pasi kweli kweli. Na kwenye kiti cha pili, shemeji.

"Hongera sana, mama," alisema msimamizi. "Simu zinaita tangu asubuhi. Watu wanakutaka wewe. Ila kuna tatizo dogo. Wewe hatukujui."

"Ninaendesha hilo gari kila siku. Muulizeni askari wa geti."

"Kwetu anayeendesha ni huyu bwana. Mtu kuendesha kwa jina la mwingine ni udanganyifu. Bwana, ulimpa wewe gari?"

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Alinyoosha mguu, akapangusa ncha ya kimoja.

"Sikumpa. Nilikuwa naumwa. Alichukua ufunguo chini ya mto."

Mama Pacha alimgeukia.

"Shemeji. Mungu anakuona."

"Mungu hana hisa kwenye gari hili."

Msimamizi alicheka kidogo, akajizuia. Alisema kwa kuwa bwana ameeleza na ameomba radhi, kampuni itamsamehe, aendelee, lakini aendeshe mwenyewe. Mama hataruhusiwa kuonekana bandarini wala uwanja wa ndege akiwa na gari la kampuni.

"Nisajilini mimi," alisema Mama Pacha. "Mmesema watu wananitaka."

"Kwa mikono miwili, mama! Lete kadi yenye jina lako, au kibali cha mwenye kadi."

"Mwenye kadi si huyo hapo?"

Msimamizi alimgeukia shemeji kwa adabu. "Bwana, utampa kibali?"

"Hilo ni suala la ukoo."

"Umesikia," msimamizi alimwambia. "Sisi mambo ya kifamilia hatuingilii."

"Basi ile picha iondoeni."

"Ile ni ya kampuni sasa. Abiria alikubali masharti yetu."

"Na uso?"

Msimamizi alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali jipya. Kisha akasema tena hongera, akasimama kumfungulia mlango.

Alimwandikia yule mama wa kofia kumwambia gari limechukuliwa. Jibu lilikuja baada ya muda, limejaa mioyo myekundu na ngumi zilizokunjwa. Pole mdogo wangu, usikate tamaa, watu wamekupenda mno, umewapa nguvu wanawake wengi sana. Mama Pacha alilisoma mara mbili akitafuta palipo na msaada. Alimjibu: asante, dada.

Shemeji alijifunza kuamka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema akifunga tai, na kweli alipona, akanenepa. Kazi ziliongezeka. Abiria wa meli waliandika kabisa kwamba wanamtaka yule mama. Kampuni haikukataa biashara. Ilichapa stika kubwa, uso wa Mama Pacha unacheka, na chini yake maneno: Safari Salama, Mikononi mwa Mama. Ikaibandika kwenye mlango wa gari, maana gari ndilo watu waliloliona kwenye picha.

Mapacha waliliona kwanza. Walikuwa wanatoka shule kwa miguu, likawapita, wakarudi mbio wanahema.

"Mama, uko kwenye gari! Mkubwa hivi!"

"Baba mdogo hakusimama," mwenzake aliongeza.

Wiki hiyo mvua ilinyesha na njia zote zikawa tope. Jumapili asubuhi shemeji alileta gari uani, akalizima mbele ya mlango wa vyumba viwili. Hakushuka mara moja. Alishusha kioo.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri."

"Wazee wameuliza juu ya hivi vyumba. Kuna mpangaji amejitokeza. Nimewaambia wasubiri, nyinyi bado mnafaa hapa." Akashuka, akampa ndoo. "Saa nne nina wageni wa meli."

Mama Pacha alilitazama gari la mumewe, kisha akamtazama shemeji. Alikuwa na neno, na neno lilifika hadi menoni. Dirishani mapacha walikuwa wamesimama na sare walizokuwa wanazianika.

Akaenda bombani, akajaza ndoo.

Alianza na paa, akaja vioo, akaja magurudumu. Tope lilikuwa limeganda, akalisugua kwa brashi mpaka mabega yakauma. Shemeji aliketi kwenye kigoda cha Mama Pacha, kivulini, akanywa chai ya Mama Pacha. Simu iliita.

"Haloo, ndiyo. Ndiyo, ni gari la mama lenyewe. Ah, kwa leo hayupo, nitakuja mimi. Mama yuko likizo." Akacheka na mtu wa upande wa pili. "Tunawajali sana, ndiyo. Karibuni."

Alipokata simu aliona Mama Pacha amefika kwenye mlango wa gari, brashi imeinuliwa mbele ya uso wake mwenyewe.

"Hapo taratibu!" alipaza sauti. "Si kwa brashi. Ofisi wamesema stika ikikwaruzika nalipa mimi. Tumia kitambaa laini."

Mama Pacha aliweka brashi chini. Hakuwa na kitambaa laini ila kile alichojifunga kichwani. Akakifungua, akakichovya, akakikamua, akaanza kupangusa. Paji la uso. Macho. Tope lililobaki lilikuwa limenasa kwenye meno, pale alipocheka, na shemeji akatazama saa yake akamwambia afanye haraka.